Hata miguu ya friji na jiko yataka mafuta

Siku ya Jumapili kama ya leo hakuna mtu mwenye kujiheshimu anayetoka nyumbani na miguu iliyopauka. Kabla ya kwenda kanisani au kuwatembelea jamaa, kila mmoja huipaka mafuta ikang'aa. Mama humshika mtoto mmoja baada ya mwingine, akamsugua magoti na visigino mpaka mtoto akaanza kulalamika. Lakini hebu nikuulize swali, nawe unijibu kwa dhati ya moyo wako. Mara ya mwisho kuinama ukaitazama miguu ya friji yako ilikuwa lini? Na ya jiko je? Na ya cherehani iliyo pembeni, inayolia kila inapokanyagwa?

Nina hakika wengi wenu mnatabasamu. Tulivyozoea, chombo cha nyumbani ni kile kinachoonekana na wageni. Friji tunaifuta mlango, juu yake tunatandika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa tunaweka chombo cha maua. Jiko tunalisugua mpaka tukajiona usoni mwake. Lakini huko chini, ambako uzito wote umeegemea, hatuna habari nako. Tunapitisha tambara la deki kwa haraka, maji yakabaki yamezunguka miguu, nasi tukaenda zetu.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Leo, kwa ruhusa yako, ningependa tuizungumzie miguu hii: namna ya kuisafisha, mahali pa kuipaka mafuta na grisi, na mahali ambapo mafuta hayafai kabisa. Maana hapo ndipo watu wengi hupotea.

Si jambo la urembo

Usije ukadhani nazungumzia unadhifu tu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukiishi katika mtaa mmoja mjini Nakuru. Jirani yangu alikuwa na jiko la gesi la meko manne, lenye oveni chini. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umeliwa na kutu hadi ukakatika. Mahali pake pakawekwa kipande cha tofali, na juu ya tofali kadibodi iliyokunjwa mara tatu. Jiko likakaa hivyo kwa muda wa mwaka mzima. Lilipika chapati, likapika pilau ya Krismasi, na hakuna aliyelalamika.

Jioni moja, maharagwe yakitokota, mtoto wake wa miaka minne alifungua mlango wa oveni, akaukanyaga kama ngazi ili achungulie kilichokuwa sufuriani. Kadibodi ilikuwa imelowa maji ya deki. Ikateleza. Jiko likainama mbele, na sufuria ikashuka.

Tunamshukuru Mungu kwamba mtoto alipona. Hata hivyo alilala hospitalini kwa wiki kadhaa, na mpaka sasa mkono wake wa kulia una kovu kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Nilipokwenda kumpa pole mama yake, aliniambia maneno ambayo hayajanitoka: "Dada, huo mguu ungenigharimu pesa ngapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini tangu siku hiyo, nikiingia katika jiko lolote, liwe langu au la mwenzangu, macho yangu hutangulia chini.

Ni vyema pia ujue kwamba jiko lenye oveni laweza kupinduka hata kama miguu yake yote ni mizima, iwapo mtoto atasimama juu ya mlango ulio wazi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1991 majiko ya aina hiyo hutakiwa kuja na kibano cha chuma cha kulishikilia ukutani au sakafuni. Kama jiko lako halina, mwite fundi wa jua kali akutengenezee kipande cha chuma cha kulishika kwa nyuma. Ni kazi ndogo sana. Lakini ikiwa miguu yenyewe imeoza, kibano pekee hakitakusaidia.

Adui wa miguu

Kabla ya kutibu ugonjwa, yafaa tuujue. Miguu mingi ya vyombo vyetu ni ya chuma. Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na hewa na maji, na chumvi huharakisha mambo. Ndiyo maana watu wa Mombasa, Malindi na Lamu huyaona majiko yao yakiharibika upesi kuliko yetu sisi wa bara. Upepo wa bahari huja na chumvi, na chumvi haichagui nyumba ya tajiri wala ya maskini.

Adui wa pili ni sisi wenyewe. Tunamwaga ndoo ya maji sakafuni yenye sabuni na dawa kali ya kung'arisha nguo, halafu tunayaacha maji yatuame chini ya friji. Dawa zenye klorini hula chuma. Wengine wangali na desturi ya zamani ya kuweka miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo yenye maji ili siafu na sisimizi wasipande. Ujanja huo ni mzuri sana kwa kuzuia wadudu, lakini mguu wa chuma ukikaa majini mchana na usiku, siku zake zimehesabika. Ukitaka kuendelea nao, weka kigae au kipande cha jiwe ndani ya kopo, kisha mguu usimame juu yake bila kugusa maji.

Adui wa tatu ni uchafu wa jikoni: sukari iliyomwagika, mafuta yaliyoruka kutoka kwenye kikaango, na vumbi. Vitu hivi vikichanganyika hufanya utando mweusi unaonata, unaoshika unyevu na kukaribisha mende.

Wapi mafuta, wapi pakavu

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Watu wengi wakiambiwa chombo chataka mafuta huchukua kopo na kumimina kila mahali. Sivyo. Mguu wa chombo una sehemu ambazo lazima ziteleze, na sehemu ambazo kazi yake yote ni kutoteleza.

Chukua mguu wa friji au wa mashine ya kufulia. Kwa kawaida ni skrubu nene iliyoingia katika umbo la chombo, na chini yake kuna kisahani chenye mpira au plastiki. Ukiuzungusha ukatoka nje, upande ule wa chombo huinuka, na ukiuzungusha ukaingia ndani, hushuka. Ile skrubu, yale meno yake, ndiyo yanayotaka grisi. Paka kidogo tu, kiasi cha punje ya mahindi, ukiisambaza mpaka ijae ndani ya meno. Grisi si kitu cha ajabu. Ni mafuta yaliyochanganywa na sabuni maalumu, aghalabu ya lithiamu, ili yasichuruzike. Hukaa pale pale ulipoyaweka, yakazuia maji yasifike kwenye chuma. Siku ukitaka kuuzungusha mguu, utazunguka bila kupigwa nyundo.

Lakini ule mpira wa chini usiupake mafuta. Kwanza utateleza, na mashine itaanza kutembea jikoni kama mgeni anayetafuta mlango. Pili, mafuta ya petroli, kama vile mafuta ya mashine na grisi ya kawaida, huvimbisha mpira wa asili na kuulegeza. Mpira husafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukakaushwa kwa kitambaa. Basi.

Vyombo vyenye vigurudumu navyo vina kanuni yake. Kigurudumu hutaka tone la mafuta mahali pawili: kwenye chuma kinachopita katikati yake, na pale juu kinapogeukia kushoto na kulia. Kabla ya kupaka, toa nywele na nyuzi zilizojizungusha humo ndani. Utashangaa ni nywele ngapi zimo. Mafuta yakipakwa juu ya nywele hutengeneza uji tu. Na kama kigurudumu kina breki, breki ibaki kavu. Breki yenye mafuta ni breki ya jina tu.

Jambo jingine: usitumie mafuta ya kupikia. Nimeona watu wakitumia hata samli. Siku ya kwanza hulainisha, lakini mafuta ya kupikia yakikaa kwenye hewa hubadilika yakawa kama gundi, na isitoshe huwaalika mende na panya mezani. Mafuta machafu ya injini nayo uyaache huko gereji, kwani si salama kwa ngozi na yatachafua sakafu na nguo zako. Yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu ni mazuri kwa kulegeza skrubu iliyokwama, lakini hayadumu. Yakishafanya kazi yake, yafute, kisha paka grisi.

Cherehani ya shangazi

Kama ungali unadhani haya ni maneno ya kupitisha wakati, ngoja nikusimulie habari za shangazi yangu.

Shangazi ni fundi wa nguo mjini Machakos. Kwa zaidi ya miaka thelathini ameketi katika veranda ile ile ya duka, nyuma ya cherehani ya miguu, akishona sare za shule, mapazia na nguo za harusi. Cherehani hiyo ndiyo iliyowasomesha binamu zangu watatu. Mumewe alipofariki, watu wa ukoo walikaa kikao kuzungumzia nani atamsaidia kulea watoto. Kikao kilipokuwa kikiendelea, yeye alikuwa verandani akikanyaga.

Miaka michache iliyopita alianza kulalamika juu ya goti. Nilipomtembelea alinikaribisha kwa chai, akainua mguu wake akauweka juu ya kigoda.

"Mwanangu," akaniambia, "uzee umenifika. Nikishona sketi mbili tu, goti lawaka moto. Nimekwisha kumpata mtu wa kuinunua cherehani."

"Fundi mwenzako?" nikamuuliza.

"Fundi wapi! Yataka kwenda hotelini. Mnunuzi anataka miguu tu. Ataweka ubao juu, awe na meza ya kulia chakula."

Hilo halikunishangaza, kwani miguu ile ya chuma kizito yenye nakshi imekuwa ikigeuzwa meza katika mikahawa mingi. Lakini moyo uliniuma. Miguu iliyolisha familia nzima ilikuwa inakwenda kubeba sahani za wageni.

Shangazi alimwita fundi wa cherehani aje kukadiria bei ya kile kichwa, ili asidhulumiwe. Fundi alikuja, mzee wa makamo, akaketi na kukanyaga mara mbili tatu. Akakunja uso. Akaufungua ule ukanda wa ngozi unaopanda juu, kisha akalizungusha gurudumu kubwa la chini kwa mkono. Gurudumu lilizunguka nusu, likasimama.

"Mama," akasema, "aliyezeeka si wewe. Ni hii mashine iliyokwama. Likisukumwa hivi, gurudumu lazima lizunguke mara kadhaa lenyewe. Wewe umekuwa ukikanyaga jiwe."

Akalala chini ya cherehani na tochi, akaanza kutoa uchafu. Kumbe kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa shangazi alikuwa akiitia mafuta ya kupikia kila ilipolia. Mafuta yameganda, yameshika vumbi la barabara na manyoya ya vitambaa, yakawa kama lami. Fundi alichukua mswaki mkuukuu na mafuta taa kidogo, akasugua kila kiungo. Akafuta, akaacha pakauke. Kisha akatia matone mawili mawili ya mafuta ya cherehani katika kila mahali panapocheza: pande mbili za kanyagio linapobembea, juu na chini ya ile fimbo inayounganisha kanyagio na gurudumu, na katikati ya gurudumu lenyewe. Akakaza nati zilizolegea, ila si kupita kiasi. Ule ukanda wa ngozi hakuugusa kwa mafuta hata kidogo. "Huu ukipata mafuta," akatueleza, "utateleza, na mtakanyaga bila sindano kwenda."

Kazi nzima haikufika saa moja. Shangazi akaketi, akaweka mguu mmoja tu juu ya kanyagio. Alisukuma mara moja, nalo gurudumu likaenda, likaenda, kama linalosema lilikuwa likimngoja. Shangazi akanyamaza kimya. Kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la leso.

Mnunuzi alipofika aliambiwa akatafute miguu ya meza kwingine. Sitakudanganya kwamba mafuta yaliponya goti. Siku za baridi lingali linamsumbua, na daktari amempa mazoezi ya kufanya. Lakini anashona. Januari, wazazi wanapopanga foleni ya sare, yeye yuko pale pale verandani.

Kanyagio la cherehani si jambo la juzi. Mmarekani Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake mwaka 1851, na tangu karne hiyo viungo vya chini havijabadilika sana. Ni chuma juu ya chuma. Chuma juu ya chuma bila mafuta husagana, na kinachosagika zaidi ni mguu wa anayekanyaga.

Namna ya kufanya

Sasa twende kwa vitendo. Mahitaji yako ni machache: kitambaa kikuukuu, mswaki uliochakaa, msasa mwepesi, spana, kikopo kidogo cha grisi na kichupa cha mafuta ya cherehani. Vyote hivi vyapatikana katika duka lolote la vifaa.

Anza kwa usalama. Chombo cha stima kitoe kwenye plagi. Jiko la gesi, funga mtungi, na ukilivuta uangalie mpira wa gesi usinyooke kupita kiasi wala usikunjike. Toa kila kilichomo ndani na juu, hata kile chombo cha maua. Usifanye kazi hii peke yako. Mmoja ainue, wa pili aingize kipande cha mbao chini, na mkono wa mtu usiwe chini ya chombo kilichoinuliwa bila mbao hiyo.

Friji usiilaze ubavuni. Iinamishe nyuma kidogo tu, kiasi cha kuweza kuifikia miguu ya mbele. Kama ililazwa wakati wa kuhama, iache wima kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta yaliyomo ndani ya mtambo wake yarudi mahali pake. Ukimaliza kupaka grisi, irekebishe miguu ya mbele ili friji iinamie nyuma kidogo sana. Utajua umefaulu ukiuachia mlango ukiwa nusu wazi, nao ukajifunga polepole wenyewe. Friji ambayo mlango wake haujifungi vyema hupoteza baridi usiku kucha, na stima huhesabika.

Jiko lazima likae sawasawa pande zote. Kama huna pimamaji, weka juu yake sahani bapa yenye maji kidogo. Maji yakikimbilia upande mmoja, upande huo uko chini. Utalijua pia kwa kukaanga, kwani mafuta yote yakikusanyika upande mmoja wa kikaango, usimlaumu aliyekiunda. Kabla ya kupaka grisi, sugua kutu kwa msasa mpaka uone chuma. Mguu uliotoboka usiuhurumie. Ufungue, uchukue huo huo uende nao dukani au kwa fundi, ili upate mwingine wenye unene na meno yale yale. Nyingi za skrubu hizi ni za milimita 8 au 10, na zinafanana machoni lakini haziingiliani.

Mashine ya kufulia ndiyo yenye ghasia zaidi. Inapokamua nguo huzunguka mara 1,000 na zaidi kwa dakika, na mguu mmoja ukiwa mfupi, nyumba nzima hutetemeka. Bonyeza pembe mbili zinazotazamana kimshazari. Ikichezacheza, rekebisha. Ukishaisawazisha, kaza ile nati iliyo juu ya mguu mpaka ishike kwenye umbo la mashine, la sivyo mtetemo utaulegeza tena. Na kama mashine ni mpya na inaruka kama mbuzi, angalia kwanza kwa nyuma kama zile bolti za kuizuia isitikisike safarini zimetolewa. Wengi huzisahau.

Mguu uliokwama usiupige nyundo. Upulizie mafuta ya kulegeza kutu, uuache hadi kesho yake, kisha ujaribu kwa spana taratibu, ukienda mbele na kurudi nyuma.

Kwa wenye biashara

Kwa mwenye hoteli, bucha, duka la mikate au kibanda cha chipsi, haya ni maisha na riziki. Mafuta ya kukaangia chipsi hufikia nyuzi 180 hivi, karibu mara mbili ya joto la maji yanayochemka. Nikipita nikaona kikaango cha namna hiyo kimekaa juu ya meza yenye vigurudumu visivyo na breki, au mguu mmoja umeinuliwa kwa kizibo cha soda, huwa navuka barabara nikanunue chakula upande wa pili.

Katika jiko la mkahawa mmoja pale Mombasa nilimkuta mpishi mkuu, bwana mwenye mvi, akipiga magoti kila Jumatatu asubuhi na kuikagua miguu ya majiko yake mmoja baada ya mwingine. Nilimwuliza kwa nini hawapi vijana kazi hiyo.

"Bibie," akanijibu, "vijana nimewapa masufuria. Miguu naikagua mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye nitakayewaeleza mama zao."

Mahali pa biashara sakafu humwagiwa maji kila siku, kwa hivyo kagua kila mwezi, si kila nusu mwaka. Uliza dukani grisi maalumu iliyoidhinishwa kutumika karibu na chakula. Kaza bolti za miguu, maana mashine zinazotetemeka, kama za kusaga nyama na kukanda unga, huzilegeza. Ukimaliza, futa grisi yote iliyozidi, isije ikadondoka sakafuni ukamwangusha mhudumu aliyebeba supu.

Kwa sisi wa majumbani, mara mbili kwa mwaka yatosha. Weka siku ambayo hutaisahau: shule zinapofungwa Aprili, na tena kabla ya wageni wa Krismasi. Wakazi wa pwani wasingoje zaidi ya miezi mitatu. Waite watoto, wavulana kwa wasichana, washike tochi na kuona. Kijana anayejua kwamba skrubu yataka grisi na mpira wataka kukauka hatakuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe atakapooa.

Basi leo, ukishakula na kupumzika, chukua tochi uiname. Miguu ya friji huwa minne, ya jiko minne, na ya mashine ya kufulia minne. Ukikuta hata mmoja umesimama juu ya kadibodi, usilale kabla hujautengeneza.